Maswali ya wasomaji: Dawa ya wasiwasi niliyoizoea kwa miaka mingi, nitaiachaje uzeeni?

SWALI

Kwa mfamasia wa safu hii,

Mimi ni mama wa miaka 74. Nilianza kumeza diazepamu baada ya kufiwa na mume wangu, zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita, na nikaambiwa kuwa ningeitumia kwa muda mfupi tu. Muda huo mfupi haujaisha hadi leo. Nameza miligramu 5 asubuhi na miligramu 5 ninapokwenda kulala, na kila nilipofuata dawa nilipewa bila kuulizwa neno. Mwaka huu daktari mpya ameniambia kuwa dawa hii haifai kwa mtu wa umri wangu na kwamba inanipasa kuiacha, lakini hakunieleza namna. Niliporudi nyumbani nikaiacha siku ileile. Siku za mwanzo nilijiona mzima kabisa, hata nikawatambia wanangu. Wiki ya pili ikawa balaa: usingizi ukapotea, masikio yakavuma, mwanga wa taa ukaniumiza macho, mikono ikatetemeka hata kikombe kikanishinda. Nikairudia dawa, nikatulia. Sasa binti yangu ananiita mlevi wa vidonge. Naomba kuuliza: kwa umri huu bado inawezekana kuacha, au nikubali tu kuzeeka nayo? Niende kwa kasi gani? Nitajuaje kama ni dawa inayonidai au ni ule wasiwasi wangu wa zamani uliorudi? Na je, naweza kuziba pengo kwa vidonge vya mafua, vile vinavyoleta usingizi?

Mama Asiyelala

JIBU

Shikamoo mama. Naanza na neno la binti yako, kwa kuwa linaumiza bila sababu. Mtu anayemeza dawa kama alivyoandikiwa, kwa kipimo kilekile mwaka hadi mwaka, bila kuiongeza wala kuitafuta kwa njia za panya, si mlevi. Kilichokupata ni utegemezi wa mwili, nao unaweza kumpata yeyote anayetumia dawa za kundi la benzodiazepini kila siku kwa majuma kadhaa, hata awe mtu mwenye nidhamu kiasi gani. Diazepamu iliingia sokoni mwaka 1963, lakini ilikuwa hadi Septemba 2020 ndipo mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoagiza kwamba hatari ya utegemezi na ya dalili za kuacha iandikwe katika onyo zito linalotangulia maelezo ya dawa zote za kundi hili. Walioandika cheti chako na kukirudia bila kuuliza walikuwa na wajibu wa kukumbuka kwamba uliambiwa ni kwa muda mfupi. Wewe ulimeza ulichopewa.

Ubongo una kemikali iitwayo gaba, ambayo ndiyo breki yake, na benzodiazepini huiongezea breki hiyo nguvu. Breki ikisaidiwa kila siku kwa miaka, ubongo nao hujirekebisha ili usilale kabisa: unapunguza usikivu wake kwa gaba na kuimarisha upande ule unaochangamsha. Dawa ikiondolewa ghafla, marekebisho hayo hubaki bila kitu cha kuyakabili, na ndiyo maana unaona mikono ikitetemeka, usingizi ukitoroka na mwanga ukichoma macho. Kwa bahati wewe uliishia hapo. Wapo wanaoacha ghafla wakapata kifafa ambacho hawajawahi kuwa nacho, au wakachanganyikiwa akili kwa siku kadhaa, na wapo waliopoteza maisha. Ndiyo sababu nasema kwa mkazo wote nilio nao: usiiache tena kwa siku moja, hata akikuambia nani.

Zile siku za mwanzo ulizojiona mzima zina maelezo yake, na maelezo hayo yatakufaa baadaye. Diazepamu haitoki mwilini haraka, na kwa mzee huchelewa zaidi. Uchunguzi uliofanywa katika miaka ya 1970 ulionyesha kuwa nusu ya dawa hii huondoka katika damu ya kijana wa miaka 20 kwa takriban saa 20, ilhali kwa mtu wa miaka 80 nusu hiyohiyo huchukua takriban saa 90. Ini la mzee huisaga polepole, na kwa kuwa mwili wa mzee una mafuta mengi kuliko misuli ukilinganisha na ujana wake, dawa hii inayopenda mafuta hupata pa kujificha. Juu ya hayo, diazepamu ikishasagwa huacha zao ambalo nalo hufanya kazi ya kutuliza na hukaa muda mrefu kuliko yenyewe. Kwa hiyo ulipoacha kumeza, mwili wako uliendelea kula akiba kwa siku kadhaa. Wiki ya pili akiba ikapungua, na deni likaanza kudaiwa.

Maelezo hayohayo ndiyo yanayompa haki daktari wako mpya, ingawa alipaswa kukueleza njia na si kukuachia amri. Kipimo ulichoanza nacho ukiwa na miaka chini ya 60 hakikubadilika, lakini mwili unaokipokea umebadilika, hivyo miligramu 10 za leo ni nzito kuliko miligramu 10 za wakati ule. Orodha ya dawa za kuepukwa na wazee iliyoanzishwa na daktari Mark Beers mwaka 1991, ambayo sasa inahuishwa na chama cha madaktari wa wazee cha Marekani, inazitaja benzodiazepini kwa sababu ya kuanguka, kuvunjika mifupa, ajali za gari, kuchanganyikiwa na kudhoofika kwa kumbukumbu. Binafsi naweka kuanguka mbele ya yote. Mzee anayeamka usiku kwenda msalani akiwa bado amelewa dawa, akajikwaa na kuvunjika nyonga, mara nyingi hapati tena uhuru aliokuwa nao.

Sasa swali lako la kwanza. Ndiyo, inawezekana. Katika utafiti uliofanyika Quebec, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2014, wazee wenye umri wa miaka 65 na zaidi waliokuwa wakitumia dawa hizi kwa muda mrefu walipewa kijitabu kilichoeleza hatari zake pamoja na ratiba ya kupunguza kidogo kidogo, kisha wakaachwa wazungumze na daktari au mfamasia wao. Baada ya miezi sita asilimia 27 walikuwa wameacha kabisa, dhidi ya asilimia 5 ya wale ambao hawakupewa kijitabu. Wengine walikuwa wamepunguza tu, na kupunguza nako ni faida ambayo watu huidharau: ukifika miligramu 4 ukashindwa kuendelea, umeshausogeza mwili wako mbali na hatari, na hakuna anayepaswa kukuambia kuwa umeshindwa.

Kuhusu kasi, mwongozo wa pamoja wa vyama vya wataalamu vya Marekani, uliotolewa mwaka 2025, unapendekeza kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya kipimo kila baada ya wiki mbili hadi nne, na kwa kawaida usivuke asilimia 25 kila wiki mbili. Kwa mtu wa umri wako, aliyetumia kwa miaka mingi na ambaye tayari ameonja makali ya kuacha ghafla, mimi ningekaa upande wa taratibu kabisa, yaani hatua moja kila wiki nne. Zingatia kwamba asilimia hiyo ni ya kipimo unachotumia wakati huo, si ya kile ulichoanza nacho. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kutoka miligramu 10 kwenda 9 umeondoa sehemu moja ya kumi. Kutoka 5 kwenda 4, ingawa ni miligramu ileile moja, umeondoa sehemu ya tano nzima. Kutoka 2 kwenda 1 umekata nusu. Mtu aliyeshuka vizuri hadi miligramu 3 husema moyoni kwamba kilichobaki ni kidogo, akakitupa, kumbe mwili unahesabu kwa sehemu na si kwa miligramu. Hatua za mwisho ndizo zinazotakiwa kuwa ndogo kuliko zote.

Naomba nikuonyeshe inavyokuwa kwenye kiganja cha mkono, ili uende kwa daktari ukiwa na kitu cha kuzungumza. Diazepamu hutengenezwa pia katika kidonge cha miligramu 2, na hicho ndicho kitakachokusaidia. Mwombe daktari akiandike pamoja na kile cha 5. Miligramu 9 ni kidonge kimoja cha 5 na viwili vya 2. Nane ni vinne vya 2. Saba ni kimoja cha 5 na kimoja cha 2. Sita ni vitatu vya 2. Ukifika 5, anza kushuka kwa nusu miligramu: 4.5 ni nusu ya kidonge cha 5 pamoja na kidonge kizima cha 2, 4 ni viwili vya 2, 3.5 ni nusu ya cha 5 na nusu ya cha 2, na 3 ni kimoja na nusu cha 2. Miligramu 2.5 ni nusu ya cha 5, na 2 ni kimoja cha 2. Chini ya hapo utahitaji robo ya kidonge cha 2, na robo hizo humomonyoka, moja ikawa kubwa na nyingine unga. Nunua kikata vidonge, kata kidonge kimoja kwa wakati wake badala ya kukata vya mwezi mzima, na kama robo zinakusumbua muulize mfamasia wako kuhusu diazepamu ya maji, ambayo hupimwa kwa sindano ya kunyweshea isiyo na ncha. Ukishuka miligramu moja kila wiki nne hadi 5, kisha nusu miligramu kila wiki nne hadi mwisho, utamaliza kwa wiki 60, yaani mwaka mmoja na miezi miwili hivi; na kwa kuwa chini ya miligramu 2 hata nusu miligramu ni sehemu kubwa, huenda hatua za mwisho zikahitaji kuwa ndogo zaidi na muda ukaongezeka. Usishtuke. Dawa uliyoimeza kwa zaidi ya miaka kumi na mitano haidai haraka hiyo.

Hatua za kwanza kwa kawaida huondolewa kwenye kipimo cha asubuhi, ili cha usiku kiendelee kukusaidia kulala, na kwa kuwa diazepamu hukaa mwilini muda mrefu, asubuhi hutabaki mtupu. Hata hivyo kama ni wewe unayeamka mara nyingi usiku na kuyumba, daktari anaweza kuamua vinginevyo, na atakuwa sahihi.

Ratiba hiyo si sheria. Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuwasaidia watu kuacha dawa hizi mjini Newcastle, Uingereza, kuanzia mwaka 1982 hadi 1994, alisisitiza kwamba kasi ishikwe na mgonjwa mwenyewe. Hatua ikikuelemea, baki papo hapo wiki mbili au mwezi zaidi kabla ya kushuka tena; ikiwa dalili ni kali, zungumza na daktari kuhusu kurudi kwenye kipimo cha hatua iliyotangulia. Kitu kimoja tu nakukataza, nacho ni kumeza kidonge cha ziada siku ukizidiwa na kukiacha siku ukijisikia vizuri. Mchezo huo huuyumbisha ubongo ambao ndio kwanza unajifunza kusimama. Kumbuka pia zile siku za akiba: kwa diazepamu, athari ya hatua uliyoshuka Jumatatu huenda usiisikie hadi wiki inayofuata, kwa hiyo kujisikia vizuri siku ya tatu si ruhusa ya kuharakisha hatua ya pili.

Utajuaje kama ni dawa inayokudai au ni wasiwasi wa zamani? Kwanza tazama tarehe. Dalili zinazoibuka siku chache au wiki moja baada ya kushuka, zikapanda kisha zikafifia kabla ya hatua nyingine, zinaelekea kuwa za dawa. Pili tazama kama ni ngeni. Masikio kuvuma, mwanga na kelele kukuumiza, ngozi kuchomachoma kama sindano, misuli kukakamaa na kucheza yenyewe: hayo hayafanani na huzuni uliyokuwa nayo ulipofiwa, na uliyaona yote mawili, hivyo wewe ndiye shahidi bora. Wasiwasi wenyewe ukirudi, kwa kawaida huja na mawazo yake yaleyale ya zamani na haujali tarehe ya dozi. Weka daftari dogo lenye tarehe, kipimo cha siku hiyo na mstari mmoja wa hali yako. Daktari atalisoma kwa dakika mbili na kujua mengi kuliko utakayoyakumbuka ukiwa umeketi mbele yake. Lakini kifafa, kuona au kusikia visivyokuwepo, kuchanganyikiwa usijue uko wapi, au mawazo ya kujidhuru, hayo si ya daftari. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na mtu akusindikize.

Vidonge vya mafua, mama, hapana. Vile vinavyoleta usingizi huwa na dawa kama klorofeniramini, difenhidramini au promethazini, ambazo kwa mzee hukausha kinywa, hufunga choo, huzuia mkojo na kuvuruga akili, nazo zimo katika orodha ileile ya Beers. Pombe ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa inabonyeza palepale pa gaba. Vidonge vya usingizi kama zolpidemu navyo hufanya kazi mahali hapohapo, hivyo ni kubadilisha jina la deni tu. Kama unatumia dawa kali za maumivu, mfano kodeini, tramadoli au morfini, mwambie daktari kabla ya jambo lolote, kwa sababu zikikutana na diazepamu huweza kuzima pumzi ukiwa usingizini. Usitumie wala kuacha dawa ya tumbo au ya fangasi bila kumuuliza mfamasia, kwani omeprazoli na ketokonazoli, kwa mfano, huweza kuipandisha diazepamu katika damu.

Kinachosaidia usingizi kweli ni kazi zaidi kuliko kidonge: kuamka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, kutolala mchana kwa muda mrefu, na kutoka kitandani usingizi ukikataa badala ya kupigana nao gizani. Iko tiba ya mazungumzo iliyopangwa mahususi kwa kukosa usingizi, na nyingine kwa wasiwasi, na ikiwezekana uianze kabla ya kupunguza dozi ya kwanza. Ikionekana kwamba wasiwasi wako bado unahitaji dawa, daktari anaweza kuanza na ya kundi lingine, kama sertralini, akaiacha ikolee kwa wiki kadhaa ndipo mguse diazepamu. Kwa umri wako atapenda kupima chumvi ya damu baada ya kuianza, kwa sababu wakati mwingine huishusha.

Mwisho upande wako: ukilazwa hospitali kwa jambo lolote katika kipindi hiki, hakikisha wanajua kipimo chako cha siku hiyo. Wazee wengi huchanganyikiwa wodini siku ya nne au ya tano, watu wakadhani ni uzee, kumbe kidonge cha nyumbani hakikuandikwa kwenye karatasi ya wodi.

SWALI

Baba yangu ana miaka 81 na anatumia lorazepamu miligramu 1 kila usiku kwa miaka mingi. Siku hizi anasahau sana. Nimesoma kwamba dawa hizi huharibu kumbukumbu, na kwa kuwa mzee ni mkali na hataki kusikia habari ya kuacha, nafikiria kumpunguzia kimyakimya kwa kuwa ndiye mimi ninayempangia vidonge vyake. Je, nitakuwa nimekosea?

Mwana Mlezi

JIBU

Ndiyo, utakuwa umekosea, hata kama nia yako ni njema. Baba akianza kutetemeka na kukosa usingizi bila kujua kwa nini, atadhani anaumwa ugonjwa mpya, na daktari atakayemwona atadhani hivyo pia. Na siku atakapogundua, hatameza tena chochote kutoka mkononi mwako, ikiwemo dawa ya presha. Lorazepamu ni ya kundi lilelile la benzodiazepini, lakini tofauti na diazepamu hutoka mwilini mapema, nusu yake huondoka kwa saa 10 hadi 20 hivi, hivyo deni lake hudaiwa haraka na kwa ukali zaidi. Madaktari wengine huwahamishia watu wa namna yake kwenye diazepamu kisha wakaishusha hiyo. Kwa mzee wa miaka 81 uhamisho huo una hatari ya dawa kujikusanya, kwa hiyo wengine huchagua kuishusha lorazepamu yenyewe kwa vipande vidogo au kwa dawa ya maji. Uamuzi huo si wako wala si wangu.

Kuhusu kumbukumbu, ni kweli kwamba dawa hizi huzidhoofisha wakati zinatumika, na baadhi ya watu huchangamka akili wanapoziacha. Kama zinaleta ugonjwa wenyewe wa kusahau, tafiti zimepingana, kwa hiyo usimtishe mzee kwa hilo. Mpeleke akapimwe kumbukumbu na visababishi vingine, kwa maana tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, masikio yasiyosikia na huzuni huweza kufanana na usahaulifu huo. Kisha mwambie kile kinachomgusa yeye. Mzee anayekataa kuacha dawa kwa sababu ya akili yake huenda akakubali kuipunguza kwa sababu ya miguu yake, hasa kama ameshawahi kuanguka na hakutaka mtu ajue. Muulize yeye mwenyewe, faraghani, mara ya mwisho aliyumba lini. Akikubali kupunguza, hata robo ya kidonge tu, acha akikate yeye mbele yako na tarehe aiandike kwa mkono wake.